Wanafunzi wa sheria na watu wa mashua: kesi ya Wahaiti, 1992



Katika mkutano wetu wa mwisho mzee mmoja alisimama akauliza: "Hawa vijana wenye kuandika dosye zetu, wamekwisha kumaliza masomo?" Tulimjibu ukweli: hapana, mzee wetu, hawajamaliza. Ni wanafunzi wa sheria, wanafanya staji kwetu, na avoka anasoma kila karatasi mbele haijatoka. Mzee alikaa chini bila kusema neno lingine, lakini tuliona hakuridhika. Na tulimwelewa. Mtu aliyehojiwa mara tano kambini hapendi kuhojiwa mara ya sita na kijana anayejifunzia kwake.

Juu ya ile swali lake tumeona vizuri kuandika hapa historia ya kazi hii, maana haikuanzia kwetu, na ina fasi moja ambayo inatugusa sisi tuliorudi kuliko watu wengine.

Jina lenyewe linachanganya. Kliniki ya sheria si fasi ya kuchomwa sindano. Lakini neno limetoka kweli kwa waganga: mwaka 1933 Mmarekani mmoja, Jerome Frank, aliandika akiuliza kwa nini mwanafunzi wa udaktari anafundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na mwanafunzi wa sheria anafundishwa ndani ya vitabu tu, bila kuona mtu hata mmoja mwenye shida. Wakati ule wachache walimfuata. Ilibidi kungoja mwaka 1968 na kuendelea, wakati feza za Ford Foundation zilipoanza kusaidia vyuo vya Marekani kufungua kliniki, na tribinali zikaanza kukubali mwanafunzi asimame mbele ya jaji akiwa na avoka wa kumsimamia. Kliniki za wakimbizi na wahamiaji zilikuja nyuma kidogo. Ya Harvard, kwa mfano, ni ya mwaka 1984. Sababu ya kuhitajika ni nyepesi: sheria ya Marekani inamruhusu mgeni anayetaka kufukuzwa kuwa na avoka, lakini inasema wazi kwamba serikali haitalipa. Asiye na feza anajitetea mwenyewe, hata kama hajui Kiingereza.

Sasa tufike kwa Wahaiti.

Tarehe 30 Septemba 1991 wanajeshi wa Haiti walimpindua Rais Jean-Bertrand Aristide, ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja madarakani. Watu wakaanza kukimbia kwa mashua za mbao kuelekea Florida. Wanachama wetu waliovuka ziwa Tanganyika usiku hawahitaji kuelezwa zaidi. Kwa miezi sita tu, walinzi wa pwani wa Marekani waliwakamata baharini Wahaiti zaidi ya 34,000. Wengi walipelekwa Guantánamo, kambi ya jeshi la Marekani iliyoko Kuba. Kule maafisa wa uhamiaji waliwahoji: aliyeonekana ana hofu ya kweli aliruhusiwa kwenda Marekani kuomba ukimbizi, mwingine alirudishwa Haiti. Hakukuwa na avoka katika chumba cha maswali.

Maavoka wa Miami walijaribu kuzuia na wakashindwa. Februari 1992 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hata kusikiliza kesi yao. Hapo ndipo wanafunzi wa sheria wa chuo kikuu cha Yale, katika mji wa New Haven, walimsukuma mwalimu wao Harold Koh wafungue kesi nyingine fasi nyingine. Pamoja na avoka Michael Ratner wa New York, mwezi Machi 1992 waliipeleka kwenye tribinali ya Brooklyn, mbele ya jaji Sterling Johnson, aliyekuwa ameteuliwa na Rais Bush mwenyewe. Serikali iliomba tribinali iwaadhibu kwa kuleta kesi isiyo na maana. Fikirieni: kijana hajapata hata diploma, na serikali kubwa namna ile inataka aadhibiwe.

Kazi yao ilikuwa gani? Watu wanapenda kusikia juu ya hotuba mbele ya jaji. Lakini sehemu kubwa ilikuwa kukesha wakitafuta kesi za zamani, kuandika na kuandika tena usiku kucha, kisha kukaa na mtu mmoja mmoja pamoja na mkalimani wa Krioli na kuchukua ushuhuda wake: ulitoka wapi, nani alikuja nyumbani, alisema nini, saa ngapi, nani mwingine aliona. Na waliofungwa Guantánamo walikuwa na kila sababu ya kutowaamini. Kila mgeni aliyekuja na kalamu mbele yao alikuwa ameandika, akaenda, na wao wakabaki nyuma ya waya.

Mei 1992 mambo yakawa mabaya zaidi. Bush aliamuru mashua zirudishwe moja kwa moja Haiti, bila kumuuliza mtu yeyote swali lolote. Clinton, akiwa anatafuta kura, alilaumu amri ile. Alipoingia madarakani Januari 1993 akaiendeleza. (Hapa hatuongezi neno, kila nchi ina wanasiasa wake.)

Kesi ikawa na miguu miwili. Mguu wa kwanza ulikuwa juu ya mashua. Wa pili ulikuwa juu ya Wahaiti karibu 300 waliobaki Guantánamo: walikwisha kukubaliwa kwamba wana hofu ya kweli, lakini wengi wao walikuwa na virusi vya SIDA, na sheria ya wakati ule ilikataza mwenye virusi kuingia Marekani. Kwa hivi walifungwa pale, wao na familia zao, bila tarehe ya kutoka. Mwanzoni mwa 1993 waligoma kula. Kule Yale wanafunzi nao walifunga kwa zamu.

Tarehe 8 Juni 1993 jaji Johnson aliamuru wale watu waachiliwe. Mwezi uleule waliingia Marekani. Siku 13 baada ya amri ile, tarehe 21 Juni, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi juu ya mashua: majaji 8 kwa mmoja walisema kwamba katazo la kumrudisha mkimbizi halifanyi kazi katikati ya bahari. Jaji Blackmun peke yake alikataa. Na uamuzi mzuri wa Johnson? Ulifutwa baadaye katika makubaliano na serikali, kusudi kesi nyingine zisiutegemee. Watu walitoka, karatasi ikachanwa. Uamuzi mbaya ndio uliobaki.

Hapa ndipo historia hii inatugusa. Mkataba wa OUA wa mwaka 1969 juu ya wakimbizi, ambao nchi yetu iliukubali, unakataza hata kumkataa mtu mpakani. Na kifungu cha 5 kinasema mkimbizi harudishwi kwao bila kupenda kwake. Kwa karatasi, Afrika ilikuwa imefunga mlango ambao Mahakama Kuu ya Marekani iliuacha wazi miaka 24 baadaye. Tunasema kwa karatasi. Wanachama waliopanda meli Kigoma wakashuka Baraka wanajua wenyewe nani alirudi kwa kupenda na nani alirudi kwa sababu posho ilikuwa imepunguzwa na kambi inafungwa.

Wale wa Yale hawakuishia hapo. Mmoja wa wanafunzi wa kesi ile, Michael Wishnie, alikuja kuwa mwalimu wa kliniki ya wahamiaji pale pale. Mwaka 2008 wanafunzi wengine wa Yale walianzisha mradi wa kusaidia wakimbizi wa Iraki. Tarehe 27 Januari 2017 Rais Trump alifunga mlango kwa watu wa nchi saba na kusimamisha kupokea wakimbizi wote kwa siku 120. Usiku ule wanafunzi wa kliniki walikaa kuandika pamoja na maavoka, asubuhi kesi ikawa Brooklyn, tribinali ileile ya Wahaiti, na jioni yake jaji Ann Donnelly akazuia watu waliokwisha kufika wasirudishwe. Kongo haikuwa kati ya zile nchi saba. Lakini katika mwaka wa bajeti wa 2016 Wakongomani ndio waliokuwa wa kwanza kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 16,000, kwa hivi zile siku 120 ziliwaangukia ndugu zetu wengi waliokwisha kuuza masufuria yao wakingoja ndege.

Mzee wetu aliuliza juu ya ujuzi. Basi tumpe hesabu. Mwaka 2007 walimu watatu walichapisha utafiti juu ya maombi ya ukimbizi mbele ya majaji wa uhamiaji wa Marekani. Wasio na avoka walishinda 16 kwa mia. Wenye avoka, karibu 46 kwa mia. Waliotetewa na wanafunzi wa kliniki ya chuo cha Georgetown, kati ya 2000 na 2004, walishinda 89 kwa mia. Tuseme ukweli: kati ya walimu wale kuna waliofundisha kliniki hiyohiyo, na kliniki inachukua dosye chache. Lakini uchache ndio siri yenyewe. Wanafunzi wawili, dosye moja, miezi kadhaa. Avoka gani wa mjini ana nafasi ile?

Sisi tumeona ubaya wa haraka. Kuna mama mmoja tulimwandikia ushuhuda juu ya shamba lake. Alisema alikimbia "wakati wa vita," sisi tukaandika 1996 bila kuuliza vita gani. Karatasi yake ya kambi ilisema 1998. Ofisi moja iliona tarehe mbili, ikasema mama anadanganya, na shamba mpaka leo linalimwa na mwingine. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa na watu 40 siku ile na tulikuwa tumechoka.

Tangu hapo wanafunzi wanakaa wawili wawili, mmoja anauliza, mwingine anaandika, na hawapokei zaidi ya watu wanne kwa siku. Ushuhuda unasomwa tena kwa mwenyewe, kwa Kibembe kama anataka, mbele ya kuweka kidole. Foleni imekuwa ndefu, tunajua, na malalamiko tunayasikia. Wafadhili wetu, feza ya mkalimani inatosha mpaka Desemba tu.

Kazi ni Jumanne na Alhamisi. Mama wa shamba yuko wa kwanza kwenye orodha ya Jumanne ijayo. Wengine, mje na makaratasi yote, hata ile iliyoliwa na panya.