Mtumba na Mfarishi: Safari ya Nguo katika Nchi ya Mazingara

Neno "mtumba" ni kongwe kuliko nguo tunazoziita mitumba leo. Kijana wa Unguja au wa Tanga akilisikia, fikra zake humwendea belo lililokazwa kwa mikanda, limeshushwa bandarini, na ndani yake mashati ya watu asiowajua. Wazee wetu walilijua neno hili kwa maana nyingine. Kwao mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa kwa safari ya bara, akaubeba mpagazi begani, uzito wake ukikaribia frasila 2, yaani ratili 70. Ndani yake hamkuwa na nguo kuukuu. Mlikuwa na majora ya merikani, kaniki na vitambaa vya rangi, vyote vipya, vikinukia wanga wa kiwandani.

Niliikumbuka maana hiyo siku ya gulio katika nchi ya Mazingara, huko Handeni upande wa Korogwe, nilipomwona bibi mmoja akichagua mitumba kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Hakujipima hata nguo moja. Aliinua shati la kiume, akalitandaza kwa mikono miwili kulikabili jua, akautazama mgongo wake, akaliweka kando. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza kama shati lile lilikuwa la mumewe au la mwanawe. Alicheka. "Si la mtu, mwanangu," alinijibu. "Ni la mfarishi."

Mfarishi, kwa wasomaji vijana ambao huenda hawakuulalia, ni tandiko la nguo zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikashikanishwa kwa mishono ya mkono. Wake ulikuwa wa viraka: uso wa vipande vya rangi, mgongo wa kaniki, na katikati blanketi lililochakaa. Kuufahamu mfarishi ule kunahitaji kwanza tuirudie njia iliyozileta nguo katika nchi hiyo.

Nchi ya Wazigua haikuanza jana kupokea nguo za wageni. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani ilifuata bonde la mto Ruvu, ikapita Korogwe na kufika Mazinde, ambako Semboja alijijengea nguvu kwa biashara hiyo ya misafara. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na pamba nyeupe isiyopaushwa kutoka Massachusetts ikajaa Unguja, ikaitwa merikani kwa jina la kwao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoukata mkondo huo, nguo za Uingereza na za Bombay zilishika nafasi yake. Jina halikubadilika. Nguo iliweza kutoka popote. Bara iliendelea kuitwa merikani.

Nguo hiyo ilikuwa fedha. Mikono 4 ilifanya shuka, shuka 2 zikafanya doti, na kwa vipimo hivyo watu walilipa hongo, walinunua chakula na pembe, na, tusifiche, walinunua watu. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi waliteremka pwani kutafuta chakula, wakaishia kuwekwa rehani au kuuzwa. Baadhi yao walipelekwa pwani ya Banadiri, na vizazi vyao katika bonde la mto Juba nchini Somalia wamekihifadhi Kizigua hadi leo. Kwa hiyo mtumba, kabla haujawa jina la nguo ya bei nafuu, ulikuwa sehemu ya mizani ambayo upande wake wa pili aliwekwa mwanadamu.

Ama sisi wa pwani na visiwani, tulianza mapema kukata na kuunga. Yasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne hiyo ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, sita kwa mfululizo, wakazikata tatu tatu na kuziunga upande kwa upande wapate vazi moja pana. Neno lenyewe leso ni la Kireno, lakini vazi lililotokana na mshono huo halikuwa la Mreno. Kabla kanga haijachapwa nzima kiwandani, ilikuwa kiungo. Mpenzi wa ushairi hatastaajabu, kwani yeye naye anajua kwamba mshororo hukamilika kwa kupatana kwa vipande vyake.

Njia ya wapagazi ilifuatwa na reli. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge nchini, na mwaka 1902 reli kutoka Tanga ikafika Korogwe. Tangu hapo nchi hiyo ikalisha dunia nyuzi za kamba na magunia, lakini mkonge hauvaliki. Nguo ya kusitiri mwili iliendelea kuja kutoka mbali. Baada ya uhuru taifa lilijaribu kujivisha lenyewe. Kiwanda cha Urafiki kilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vikafuata, kama vile Mwatex wa Mwanza na Mutex wa Musoma. Kisha zikaja shida za mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, vita vya Kagera na ukosefu wa fedha za kigeni, na kitambaa kikawa cha kupangia foleni. Mwaka 1984 Serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa, mlango wa nguo kuukuu ukafunguka. Wananchi waliziita "kafa Ulaya". Waliona kwamba nguo nzima kama ile haiachwi na mtu aliye hai.

Bibi yule aliyakumbuka majina yote mawili, mtumba na kafa Ulaya, na alikuwa na elimu yake katika kuchagua. Shati la kiume, alinieleza, hufa kwanza kwenye kola, makwapa na viwiko. Mgongo wake na sehemu inayochomekwa ndani ya suruali hubaki vizima. Shuka la kitanda ni kinyume: katikati huwa jepesi kama utando, na nguvu yote imekimbilia pindoni. Fulana hakuitaka kwa uso wa mfarishi, kwani huvutika na kuupinda mshono. Alipolitilia shaka shati, alichomoa uzi mmoja na kuuchoma. Uzi wa pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Wa plastiki hujikunyata ukawa punje ngumu nyeusi. "Wa pili huu haulaliki," alisema. "Haunywi jasho." Kila kipande kilifuliwa kwanza kabla ya kukatwa, ili kirangi kitoke chote na kisije kuchafua jirani yake.

Nilimwuliza kama haogopi kujifunika nguo za marehemu. Alinyamaza kidogo, akakipapasa kiraka cha buluu kilichokuwa magotini pake. "Nguo nzima ina mwenyewe," alisema. "Ikishakatwa, mwenyewe ni aliyeiunga."

Maneno hayo nimeyapima mara nyingi tangu siku ile, na naona yana ushahidi mpana kuliko alivyodhani msemaji. Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao wengi wa wazee wao walivukishwa bahari wakiwa watumwa. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa za jamaa zao. Huanza ukingoni na kuzunguka kuelekea kati, na kwenye pembe huweka vipande vidogo vilivyokunjwa vinavyoitwa ua; pasipo hivyo, wao husema mfarishi uko uchi. Ng'ambo ya pili ya dunia, katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, wajukuu wa watumwa walioilima pamba ya Marekani walishona mifarishi kwa nguo za shamba. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyefiwa na mumewe, alizikata nguo zake za kazi akazifanya mfarishi wa kujifunika na kumkumbukia. Mifarishi ya kijiji hicho ilipoonyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston mwaka 2002, wajuzi waliitazama kama picha za wachoraji wakubwa.

Sidai kwamba sindano ya Mazingara ilijifunza kwa hizo, wala kwamba hizo zilijifunza kwake. Nasema tu kwamba watu ambao mtumba uliwahi kuwapima, au kuwapimia wenzao, wamefika kwenye jibu moja: kitambaa cha mwenye nguvu hukatwa, kisha huungwa kwa mpango wa aliyekipokea.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Marekani ilitishia kuzinyima nchi hizo nafuu za kibiashara. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikaondolewa nafuu ya mavazi, wakati nyingine zilirudi nyuma. Wanaotaka mitumba ikome wana hoja nzito, kwani hakuna kiwanda kinachostawi mbele ya shati linalouzwa kwa bei ya chai. Hata hivyo mfarishi unatishwa na jambo jingine lililo kimya zaidi. Nguo mpya za dunia zimezidi kuwa za plastiki, na mabelo yanazifuata. Bibi aliniambia kwamba zamani alipata vipande vya kutosha katika mafungu mawili. Siku hizi hupekua kumi.

Misemo ya kanga tumeikusanya na kuichapa, na tumefanya vyema. Mfarishi hauna msemo. Anayejua kipande kipi kilitoka wapi ni mwenye kuushona, naye akiondoka huondoka nao. Lingekuwa jambo jema watoto na wajukuu wakaketi na mabibi zao, kiraka kwa kiraka, wakaandika.

Tulipokuwa tukiagana aliitazama kanzu yangu, iliyokwisha kufifia mabegani, akaniuliza nitaivaa mpaka lini. Nikamjibu kuwa ni ya kusafiria tu, haina tena kazi ya heshima.

"Ukiichoka iletee," akasema. "Kwenye pembe ile bado natafuta cheupe."