Kifumo, Si Tishu

Mwongozo mmoja wa maafisa mifugo, uliopitia mikononi mwa kamati ambayo sitaitaja, unamtaka afisa anayekuta mwanakondoo aliyekufa kwa Homa ya Bonde la Ufa atie chupani tishu safi ya ini. Tishu safi! Mtume mtu dukani akuletee tishu safi uone atarudi na nini.

Kamati haikujisumbua hata kuuliza neno limetoka wapi. Waingereza walilichukua Ufaransa, ambako tissu ni kitu kilichofumwa; mwanaanatomia wao Bichat ndiye aliyelizoesha kwenye anatomia mnamo 1800. Wagiriki waliita kitanda cha mfumi histos, ndiko ilikotoka histolojia. Waarabu husema nasiji, nayo ni hiyo hiyo kazi ya kufuma. Wote wamekwenda kwa mfumi. Sisi wenye fuma, mtande na mshindio tumekwenda kwa muuza karatasi.

Neno mfumo limekwisha kuchukuliwa kwa maana nyingine, sawa. Basi na tuseme kifumo. Mfumo una viungo, kiungo kina vifumo: ngeli yenyewe inafundisha. Msomi mmoja anadai "nyama" inatosha. Atueleze basi kama damu ni nyama, na mfupa je? Mwingine amecheka kwamba kifumo ni Fumo Liyongo, yule shujaa wa tenzi, aliyedumaa. Kucheka hakujawa hoja.

Na ugonjwa wenyewe ulitambuliwa kwa vifumo. Kondoo walipokufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1930, wachanga wakiongoza, daktari wa mifugo Daubney na wenzake hawakuwa na vipimo vya jeni. Ini ndilo lililosema: laini, limegeuka rangi ya manjano na kahawia, limetapakaa vidoa vyeupe, na chini ya hadubini seli zake zimekufa. Taarifa yao ya 1931 iliuita ugonjwa wa ini kabla ya kuuita homa ya bonde.

Matumizi, kwa haraka: chukua vifumo vya ini, bandama na ubongo, vipande vyembamba vitiwe kwenye formalini ya asilimia 10, vingine vibichi viwekwe kwenye barafu kwa kupimwa virusi. Mpasuaji avae glavu, barakoa na miwani, maana damu ya mzoga huo humwambukiza binadamu.