Mbwa wa Turkana na tumbo la Masisi

Kwetu Masisi, mtu akivimba tumbo pole pole, mwaka wa kwanza, wa pili, bila homa, majirani wanasema ni karuho. Wanaanza kutafuta nani alimpa sumu, familia zinakosana, mbuzi inauzishwa ili kumlipa mganga wa kienyeji. Simcheki mtu hapa. Lakini historia ya Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, inatupa swali lingine la kuuliza mbele ya kumshitaki shangazi: kwenye parsele kuna mbwa? Na siku ya kuchinja, huyo mbwa anakula nini?

Mnyoo wenyewe ni mdogo sana, milimita 2 mpaka 7 tu. Jina lake la kisayansi ni Echinococcus granulosus. Anakaa ndani ya utumbo wa mbwa, wengi kwa maelfu, na mbwa anaendelea kukimbia na kubweka sawa vile hana kitu. Mayai yanatoka na mavi yake, yanashika majani, maji, hata manyoya yake mwenyewe. Kondoo, mbuzi, ngombe ao ngamia akiyameza, kunaota mfuko wa maji kwenye ini ao kwenye mapafu. Mbwa akila hilo ini bichi, mzunguko umefunga. Mtu anaingia hapo bila kualikwa: anashika mbwa, anakula bila kunawa, na mfuko unaanza kuota ndani yake, pengine miaka kumi bila maumivu. Ukipasuka tumboni, mwili unaweza kushtuka vibaya na mtu akafa siku hiyo hiyo.

Turkana ndiko ugonjwa huu ulionekana kwa wingi kuliko mahali pote palipopimwa duniani. Hesabu iliyotolewa mwaka 1982 ilisema wagonjwa wapya 220 kila mwaka kwa watu 100,000, upande wa kaskazini. Wanawake ndio waliugua zaidi. Sababu haikuwa uchafu, kama watu wa mjini wanavyopenda kusema juu ya wachungaji. Maji kule ni ya shida, na mbwa alikuwa kama yaya: mtoto akijisaidia ao akitapika, mbwa anamlamba na kumsafisha. Mama anakaa karibu na mtoto na mbwa mchana kutwa. Tena kulikuwa desturi ya zamani ya kuacha maiti porini, mbwa na wanyama wanaifikia. Ndiyo maana watafiti waliandika miaka ya 1980 kwamba kule mtu mwenyewe aliweza kuendeleza mzunguko wa mnyoo, kitu ambacho karibu hakionekani pengine.

Mwaka 1983 AMREF ilianza programu ya kupambana nao. Mbwa walipewa dawa ya prazikwanteli, wale wa ziada wakapunguzwa, watu wakapimwa kwa ekografi wakiwa kijijini, chini ya mti, bila kusafirishwa mpaka Nairobi. Wengine walipasuliwa, wengine wakapewa albendazoli, hiyo hiyo tunayowapa watoto juu ya minyoo, ila kwa wiki nyingi na chini ya macho ya munganga. Ugumu ulikuwa hapa: mchungaji anahama. Leo yuko Lokichoggio, mwezi ujao amevuka mpaka wa Sudan ao Uganda, na mbwa wake nyuma yake.

Iceland walikuwa na bahati ya kuwa kisiwa. Mwaka 1863 daktari kutoka Denmark, Harald Krabbe, aliwapasua mbwa 100 kule akakuta mnyoo ndani ya 28. Akaandika kijitabu, kikagawiwa nyumba kwa nyumba. Sheria ya 1869 ikaweka kodi juu ya mbwa na kuamuru mifuko ya maji ichomwe ao izikwe. Reykjavik ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1924 ikakataza kufuga mbwa mjini kabisa. Ugonjwa ukaisha. Kumbe kabla ya dawa yoyote ya kisasa, kuzika ini bovu kulitosha kwa kazi kubwa.

Masisi si Turkana. Huku kuna mvua, nyasi, maziwa na fromaji (sisi wa agronomia tunapenda kuongea habari ya fromaji tu). Lakini angalia pale wanapochinjia siku ya soko: mapafu yenye mifuko yanatupwa, mbwa wako tayari. Walikale, mbwa wa kuwinda anayevaa kengele anarudi na wawindaji, anagawiwa utumbo wa nyama kama mshahara wake, kisha usiku analala karibu na watoto. Na vita, tangu 1993, imekimbiza watu mara ngapi? Mbwa wanabaki bila mwenyewe, wanajitafutia. Hapo sijagusa minyoo ya mviringo ya vitoto vya mbwa, ambayo inaweza kufika mpaka kwenye jicho la mtoto wa mtu.

Veterineri akipatikana, dawa ni miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa. Mbwa wa kilo 10 anameza miligramu 50, na inarudiwa kila wiki 6, kwa sababu mnyoo anahitaji karibu muda huo kukomaa na kuanza kutoa mayai. Asipopatikana, shimo la kina cha mita moja na nusu pembeni ya mahali pa kuchinjia, lenye mfuniko wa mbao nzito, linachimbwa na vijana wawili asubuhi moja.