Chakula kimepita tarehe: kula au tupa?

Pua na ulimi havitoshi kupima chakula kilichopita muda. Vijidudu vingi vinavyoleta ugonjwa havibadilishi harufu wala ladha. Anza na maandishi ya kwenye pakiti.

BB na EXP

BB inahusu ubora: baada ya siku hiyo ladha inaweza kupungua. Tambi, mchele au biskuti zilizohifadhiwa pakavu, pakiti ikiwa nzima, kwa kawaida bado zinalika. EXP ni mwisho wa matumizi. Kwa nyama, soseji, mtindi na maziwa ya unga ya watoto wachanga, usiongeze hata siku moja. Kopo lililovimba au linalovuja litupwe, hata kama tarehe haijafika.

Tarehe hiyo ni ya pakiti iliyofungwa na kuhifadhiwa vizuri. Maziwa ya boksi ukishayafungua, yaweke kwenye friji na uyamalize ndani ya siku chache. Umeme ukikatika, friji lisilofunguliwa hulinda chakula kwa takriban saa 4.

Vyakula visivyo na tarehe

Samaki wa Soko la Feri, Magogoni, hana lebo. Tazama macho angavu, mashavu mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza. Jodari na vibua wakikaa juani hutengeneza histamini. Anayewala anaweza kuwashwa, kuwa mwekundu usoni na kuumwa kichwa. Kukaanga hakuiondoi, na samaki huyo huenda asinuke.

Mahindi na karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo nayo haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Usikwangue ukungu ukala kilichobaki.

Unaponunua

Kariakoo, bidhaa ikiuzwa kwa bei ya chini mno, soma tarehe kabla ya kulipa. Ikiwa imefutwa au imebandikwa lebo nyingine juu yake, iache. Kuuza chakula kilichoisha muda ni kosa kisheria. Tangu 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Tunza pakiti na risiti ukitaka kutoa taarifa.

Ukila kisha ukatapika mfululizo, ukaharisha damu au ukapata homa kali, wahi kituo cha afya. Mtoto mdogo, mjamzito na mzee wasisubiri hali izidi.