Pua ya Mwanika Karafuu

Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia, ikafika Unguja mapema katika karne ya 19. Sultani Seyyid Said aliwahimiza wenye mashamba kuipanda, na jasho lilikuwa la watumwa, hilo lisisahauliwe. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika uongozi.

Kwetu Wete, Pemba, karafuu huanikwa kwenye majamvi. Bibi yangu aliinusa kabla ya kuishika: karafuu iliyolowa na kuvundikwa huwa mpeta, na harufu yake huitangulia. Ufundi wake wote ulikaa kwenye utando mdogo juu kabisa ndani ya pua, penye seli za neva zinazonasa harufu, pamoja na seli saidizi zinazozitunza.

Nilipougua UVIKO-19 nilisimama katikati ya majamvi nisisikie harufu yoyote. Nililia. Kirusi cha ugonjwa huo hushambulia zaidi zile seli saidizi, maana ndizo zenye kipokezi chake. Neva, zikikosa matunzo, huacha kufanya kazi. Lakini kwenye tabaka la chini la utando huo zimo seli changa zinazozaa neva mpya maisha yote, ndiyo maana wengi hupona.

Mwaka 2009, Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha zoezi la waliopoteza uwezo wa kunusa, la kunusa asubuhi na jioni kwa wiki 12: waridi, mkalitusi, limau na karafuu. Mimi nilianza na karafuu. Wataalamu wetu wa afya walifundishe zoezi hili katika kila kijiji cha Pemba. Dawa tunayo uani.