Sungura wa Helen Beale

Darasani niliambiwa hadithi ya virusi inaanza na Wendell Stanley, Mmarekani aliyegawana Nobel ya kemia 1946. Mimi siku hizi naanza na Helen Purdy Beale.

Mmea hautengenezi kingamwili. Ukizitaka, sharti umwombe mnyama. Mwishoni mwa miaka ya 1920, katika Taasisi ya Boyce Thompson, New York, Beale aliponda majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa mabaka, akawadunga sungura maji yake.

Sungura naye hachagui. Alitengeneza kingamwili za kila protini ngeni, hata zile za kawaida za tumbaku. Basi Beale akachanganya seramu na maji ya tumbaku isiyougua. Za kawaida zikanaswa, akaziondoa. Zilizobaki zilishika kirusi pekee.

Kumbe kirusi ni kitu chenyewe, si mmea tu ulioharibika! Stanley alikipata kama fuwele baadaye, 1935.

Nobel haikumfikia Beale. Lakini ukitengeneza kingamwili za mimea leo, swali la kwanza bado ni lake: je, zinashika pia usichokitafuta?