Kitambaa cha Zawadi: Kutoka Merikani Mpaka Kikwembe

Mwezi wa sita ukiingia hapa Nyarugusu, mvua zikishakatika, wamama wanaanza kuzunguka kwenye maduka ya vitambaa. Kiangazi ndiyo msimu wa harusi, na huwezi kwenda harusini mikono mitupu. Sisi wa Kivu tunasema kikwembe, Watanzania wanasema kitenge, Warundi igitenge. Sasa kuna watu wanaoshangaa: mkimbizi anayepanga foleni ya unga, hela ya zawadi anaitoa wapi? Na kwa nini asinunue chumvi?

Swali hilo lina majibu ya zamani, na mengine yalipita njia hiihii yetu.

Tuanze na merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyotoka viwanda vya Massachusetts kwa meli za mji wa Salem. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said mwaka 1833, na kitambaa kikabaki na jina la nchi yake. Kutoka pwani kilibebwa vichwani mwa wapagazi, kikapita Tabora hadi Ujiji. Njiani kilitumika kama fedha: kulipa hongo kwa machifu, kununua chakula, na pia kununua watu, tusifiche. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta biashara hiyo ipo tayari, wakapanda mitumbwi mpaka Uvira. Yaani Uvira yetu!

Kule Unguja, merikani ilikuwa vazi la watumwa. Wanawake walivaa hiyo, au kaniki, ambayo ni nguo iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wanawake waliopata uhuru walianza kuziacha nguo hizo na kununua kanga. Wengi walikuwa bado maskini, wanalima au wanafua nguo za watu. Lakini aliyejifunga kanga mpya hakutaka tena kuitwa mtumwa wa mtu, na aliyeweza kumnunulia mwenzake doti moja alikuwa ameshakuwa mtu wa kutoa. Mimi naona jambo hilo ni kubwa kuliko mengi tuliyofundishwa shuleni kuhusu mwaka huo.

Kanga yenyewe, inavyosimuliwa pwani, ilianza pale wanawake waliposhona pamoja leso za Kireno, tatu juu na tatu chini, zikawa nguo moja. Baadaye wenye maduka wakaagiza kitambaa kizima. Huko Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887 na kujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, ndilo linalotajwa sana kwa kutia maneno kwenye kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Hapo kuchagua zawadi kukawa kazi! Rangi nzuri haitoshi, lazima usome jina. Ukimpa wifi yako kanga yenye kijembe, umetangaza vita.

Kikwembe hakisemi kwa herufi. Asili ya wax ni kazi ya batiki ya Java, ambayo Waholanzi waliiga kwa mashine. Kiwanda cha Vlisco kule Helmond kipo tangu 1846. Afrika ikakipokea kitambaa hicho na kukifanya chake. Tanzania nayo ilijenga kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kwa msaada wa China, kikafunguliwa mwaka 1968. Leo vingi madukani vinatoka China au India, na muuzaji atakuapia ni Holland. Wamama hawadanganyiki: wanakigeuza upande wa nyuma, waone kama rangi imepenya.

Mwaka 1996, watu wa Uvira na Fizi walipovuka ziwa, kikwembe kilibeba mtoto mgongoni, kikafunga sufuria, usiku kikawa blanketi. Shangazi yangu bado anacho kimoja alichopewa siku ya harusi yake. Hajakikata mpaka leo. Kiangazi kilichopita alilipa kidogokidogo dukani, miezi mitatu, akachukua kingine kipya, cha njano. Nikadhani ni chake. Kumbe ni cha jirani yetu Mrundi, aliyekuwa anaozesha binti. Siku ya harusi yule mama alikifunua mbele ya watu wote, akakigeuza upande wa nyuma, akapiga vigelegele.